Kuhamia ughaibuni na watoto wadogo: wote pamoja, au mmoja atangulie?

Mkihama wote kwa pamoja, mtoto wa miaka 3 hapotezi mzazi. Umri huo simu ya video haimtoshi. Anachojua ni nani anamwogesha na nani anamlaza. Ila gharama huja kwa mkupuo: nauli za watu wote, amana ya nyumba, bima ya afya, chekechea. Na mshahara wa kwanza bado haujaingia.

Mmoja akitangulia, anapata nafasi ya kutafuta nyumba na kuona kama kazi ndiyo ile aliyoahidiwa, hasa katika kipindi cha majaribio. Hatari yake ni miezi 3 kugeuka mwaka. Anayebaki hulea peke yake usiku na mchana, na mzigo huo watu hawausemi vya kutosha.

Masharti ya viza yasomeni kwanza. Uingereza, kwa mfano, Machi 2024 ilizuia wahudumu wapya wa matunzo kuja na mwenzi au watoto.

Mimi ningetanguliza mmoja, mradi tarehe ya kuungana imeandikwa na nauli ya waliobaki imeshawekwa kando.