Shoka la mhunzi wa Ng'ambo kwa kuni kavu: nimelitumia, nalisifu

Kazi yangu ni mama lishe hapa Tabora mjini, na watu wakiwa na shughuli wananiita kupika pilau. Kuni zangu nyingi ni za mti wa mtundu, tena mkavu, ule ambao ukiugonga unalia kama chuma. Shoka lisilofaa halikai kwangu.

Hili ninalolisifu limefuliwa na mhunzi mmoja wa Ng'ambo, hapahapa Tabora, kutoka kipande cha ekseli ya lori. Alinitoza 25,000, bila mpini. Kabla hata sijauliza bei, aliniuliza yeye: "Mama, unakata miti au unachanja kuni?" Dukani sijawahi kuulizwa hivyo, na ndilo swali lenyewe. Shoka la kukatia lina bapa jembamba, linazama ndani ya mti. Lipige kwenye gogo kavu, linanasa, na kulinasua ndiko kunakovunja mipini na viuno vya watu. La kuchanjia linataka mashavu mazito, yaani zile pande mbili za bapa: makali yanafungua ufa, mashavu yanausukuma mpaka gogo linaachana. Langu lina kama kilo mbili na nusu, na mashavu yanaanza kutuna vidole viwili tu juu ya makali. Nikianzia pembeni mwa gogo badala ya katikati, vipande vinaruka vyenyewe.

Alikuwa nayo pia mashoka yetu ya asili, yale yenye mkia unaopenya kwenye kichwa cha mpini. Nayaheshimu sana. Kila pigo linazidi kuukaza mkia, na ni mepesi kwa mrina asali anayetembea porini kutwa. Ila kwa kuchanja, likinasa ukaanza kulitikisa huku na huku, kichwa cha mpini kinapasuka. Kwa kuni chukua la tundu, lile ambalo mpini ndio unaopenya kwenye chuma.

Mpini wangu ni wa mkole, uliokaushwa kivulini. Utazame vizuri kabla ya kulipa: nyuzi za mti ziende sambamba na urefu wa mpini toka juu hadi chini. Zikikatiza ubavuni, uache hapohapo. Na usikubali mbichi, maana kiangazi chetu cha mwezi wa nane kitausinyaza na shoka litaanza kucheza.

Hapo ndipo watu wanapolitumbukiza kwenye ndoo ya maji, na mimi nikiona hivyo nakasirika kweli. Mti unavimba, shoka linakaza kwa siku hiyo. Ukikauka, nyuzi zilizobanwa na chuma hazirudi zilivyokuwa, linalegea kuliko mwanzo, na siku litakapochomoka kuna mtoto amesimama pale uani. Gonga kabari ya mti mkavu, au badili mpini. Mimi naupaka wangu nta ya nyuki niliyoiyeyusha na mafuta kidogo ya alizeti. Nta kwa Tabora si kitu cha kutafuta.

Kunoa ni tupa, kisha jiwe. Usiwape vijana wa mashine ya umeme: chuma kikipata moto kikageuka bluu, ugumu wake umeondoka na makali yatajikunja. Wala usiyafanye membamba mno, mtundu utayamega. Likinasa, usiligonge kisogo kwa nyundo, tundu litachanika.

Kasoro zipo. Kichwa kimeinama kidogo kushoto, ikabidi mchonga mipini apunguze upande mmoja. Pia ni zito kwa kijana anayejifunza. Lakini shoka la rangi nyekundu nililonunua dukani kabla yake lilimeguka makali msimu uleule, na bei yake ilikuwa juu zaidi.

Ukienda kuagiza, beba kipande cha kuni unazotumia umwonyeshe, na mwambie atanue tundu kidogo upande wa juu ili kabari ipate pa kubana.