Programu ya jukwaa la majadiliano: chama chenu kichukue ipi?

Vyama vingi vya Moshi na Arusha, vya wakulima wa kahawa, waongoza watalii, wapagazi na SACCOS, hufanya mazungumzo yao yote kwenye kikundi cha WhatsApp. Kwa tangazo la msiba au mkutano wa kesho, hakuna kinachoishinda WhatsApp. Shida huanza kwenye maarifa. Mkulima wa Kibosho anauliza kuhusu chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa, mtaalamu anamjibu kwa kina, na mwezi haujaisha mwenzake wa Machame anauliza swali lilelile kwa sababu jibu limeshazama chini ya salamu na picha. Mtaalamu anachoka, ananyamaza. Hapo ndipo chama kinahitaji jukwaa lake, yaani tovuti ya majadiliano ambamo kila swali hukaa pamoja na majibu yake.

Nimezipanga programu hizi kwa kigezo kimoja: mwanachama mwenye simu ya bei ndogo na bando la siku alipate jibu la zamani bila kumsumbua mtu. Rangi, nembo na vikaragosi nimeviacha kando.

Wauzaji huwa hawagusii suala la kutafuta kwa Kiswahili, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Programu nyingi zimejengwa kwa kufuata lugha ambazo neno hubadilika zaidi mwishoni. Letu hubadilika mwanzoni. Mmoja ameandika “nilipulizia”, mwingine anatafuta “kupulizia”, na mashine inayaona kama maneno mawili yasiyohusiana. Mche na miche, jani na majani, ni hivyohivyo. Kwa hiyo ulizeni mapema: je, msimamizi anaweza kurekebisha kichwa cha mada ya mtu mwingine? Je, kuna lebo za kuunganisha mada za jambo moja? Jukwaa lisilo na hayo mawili litageuka ghala lenye giza.

Ya kwanza: Discourse. Ilianzishwa mwaka 2013 na Jeff Atwood, Robin Ward na Sam Saffron. Ni programu huria, yaani hamlipii leseni, mnalipia seva, kompyuta inayobeba jukwaa mtandaoni. Naiweka juu kwa sababu mbili. Mtu anapoandika kichwa cha swali, inamwonyesha mada zinazofanana na hilo kabla hajatuma, na mara nyingi jibu linakuwa limo humo. Pili, lebo zake zinakubali visawe: mkiweka “mche” na “miche” kuwa kitu kimoja, tatizo nililolieleza hapo juu linapungua sana. Isitoshe, humpa mwanachama uwezo hatua kwa hatua kadiri anavyosoma na kuchangia, hivyo mgeni aliyeingia leo hawezi kujaza matangazo.

Ina gharama zake. Inataka seva yenye angalau GB 1 ya kumbukumbu (RAM), na GB 2 ndiyo ya kupumulia. Ukurasa wake hubeba msimbo mwingi, kwa hiyo simu ya zamani huvuta pumzi inapoufungua mara ya kwanza. Tena haiendi bila barua pepe. Wazee wengi wana Gmail kwenye simu bila kukumbuka nenosiri lake, basi fundi awawashie njia ya kuingia kwa akaunti ya Google.

Ya pili: phpBB. Ipo tangu mwaka 2000, nayo ni huria. Inakaa kwenye hosti (huduma ya kukodi nafasi ya tovuti) ya kawaida yenye lugha ya PHP, kama ile inayobeba tovuti ya chama, na kurasa zake ni nyepesi. Kama wanachama wenu wengi wanashika simu za zamani, ipandisheni iwe ya kwanza, wala sitabisha. Mwonekano wake ni wa kizamani, na mada hukatwa kurasa kwa kurasa, jambo ambalo kwenye mtandao dhaifu ni faida: unapakua unachosoma tu. Inakubali pia alama ya * kushika sehemu ya neno unapotafuta. Usajili ulindeni kwa swali mlilotunga wenyewe kwa Kiswahili, kama vile soko fulani liko kata gani. Roboti za matangazo hukwama hapo.

Ya tatu: XenForo. Ndiyo inayoendesha jukwaa la JamiiForums, hivyo anayetembelea huko tayari anaijua. Imekomaa, ni rahisi kwa msimamizi, na maneno yote ya kwenye skrini hubadilishwa ndani ya programu yenyewe. Leseni hulipiwa kwa dola, na masasisho ya bure ni ya miezi 12. Chama chenye mapato ya uhakika kiifikirie. Kikundi cha kuchangishana kiachane nayo.

Ya nne: Flarum. Nzuri sana kuitazama kwenye simu, lakini mengi mtakayoyahitaji ni viongezi, yaani programu ndogo za nyongeza, vya watu mbalimbali, na kila sasisho lina hatari ya kuvunja kimojawapo. Bila fundi wa kudumu, hapana.

Mkishachagua, jina la kikoa (anwani ya tovuti) na akaunti ya seva viandikishwe kwa jina la chama, si la kijana aliyewatengenezea, na nakala rudufu iwe mikononi mwa watu wawili tofauti. Waulizeni TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kuhusu leseni ya maudhui ya mtandaoni. Mkumbuke pia kwamba majina na namba za wanachama zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Kabla ya kulipa malipo ya mwisho, fundi aweke jukwaa la majaribio lenye mada halisi kutoka kikundi chenu. Mpeni simu mwanachama asiyependa mambo ya mtandao, akiwa kwake shambani na si kwenye WiFi ya ofisi. Aingie, atafute jibu mnalojua limo, apige picha ya jani linaloumwa na kuuliza swali. Msimwelekeze. Akikwama kwenye kuingia, fundi arudi kazini. Akikwama kwenye kutafuta, badilisheni programu.