Niliuliza unga una nini, nikaambiwa pitta yangu imepanda

Sijawahi kulipia huduma nikatukanwa kwa sauti ya upole namna ile. Nilimwendea mtaalamu wa Ayurveda kwa sababu hisia zangu zilikuwa zimeanza kunitawala: asubuhi nina furaha isiyo na sababu, adhuhuri namkaripia mtu kwa kikombe kilichoachwa mezani, na jioni machozi yananitoka bila kujua nalilia nini. Nilitaka njia ya asili, inayoanzia kwenye usingizi, chakula na mpangilio wa siku, wala sikwenda kwa kejeli. Nilikwenda na heshima zote, kwa kuwa elimu hii ina maandiko ya kale kama Charaka Samhita, na huko India ilikozaliwa inasimamiwa na wizara maalumu serikalini tangu mwaka 2014.

Mazungumzo ya mwanzo yalikuwa mazuri, na hilo nalisema mapema ili nisionekane nina kinyongo tu. Aliniuliza nalala saa ngapi, naamka nikiwa na hali gani, tumbo langu likoje, na nikikasirika nahisi joto au baridi. Mambo ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza kwa utulivu ule. Akanieleza kwamba kwa Ayurveda mwili huongozwa na nguvu tatu, vata, pitta na kapha: vata ikivurugika mtu hujaa wasiwasi na mawazo yasiyotulia, pitta ikizidi huwa mwepesi wa hasira na mkali wa maneno, na kapha ikilemea, mwili na moyo huwa vizito. Kwangu, alisema, pitta ndiyo iliyotawala. Nilale na kuamka saa zile zile kila siku, mlo mkubwa uwe wa mchana, nipunguze pilipili, kahawa na vitu vichachu, na kabla ya kuoga nijikande mafuta ya nazi badala ya ya ufuta, kwa kuwa ya ufuta hupasha mwili joto. Akanifundisha pia kuvuta pumzi polepole kupitia ulimi uliokunjwa, zoezi liitwalo sheetali. Mpaka hapo ningemsifu kwa kila mtu.

Kisha ukaja unga. Msaidizi wake alileta kimfuko cha nailoni kilichofungwa fundo, ndani mna unga wa kahawia wenye harufu nzito, na juu yake pameandikwa kwa kalamu ya wino mzito “x 2”, basi. Hapakuwa na jina la mmea, tarehe wala mtengenezaji. Mimi natumia vidonge vya homoni ya thairoidi, ile tezi ya shingoni, jambo ambalo katika maswali yote yale ya tumbo na ndoto hakuna aliyeniuliza. Kwa hiyo nikasema, kwa adabu kabisa: “Samahani daktari, unga huu una nini ndani yake, na unapatana na dawa ninayotumia?”

“Dada yangu, una hofu,” akanijibu huku akitabasamu. Nikarudia swali. “Ni mitishamba tu. Ashwagandha, brahmi na vingine.” Nikauliza hivyo vingine ni vipi. Hapo akamgeukia msaidizi wake na kusema, kana kwamba mimi sipo: “Unaona? Hii ndiyo pitta yenyewe.”

Kila nikilikumbuka jibu hilo damu hunichemka upya. Kwa kanuni yake, ukinyamaza unaponywa na ukiuliza ni ugonjwa unaozungumza, na kwa hiyo hakuna swali duniani ambalo mgonjwa anaweza kumuuliza likabaki kuwa swali. Mtu ambaye hisia zake zinayumba ameshazoea kusikia nyumbani na kazini kwamba “ameanza tena hali zake” kila anapodai haki yake. Sikutarajia kulipa ili niyasikie hayo hayo kwa Kisanskriti.

Wala swali langu halikuwa la mtu aliyepandwa na wahaka. Ashwagandha inaweza kupandisha kiwango cha homoni za thairoidi, na homoni hizo zikizidi moyo huenda mbio, usingizi hupotea na hasira huwa karibu, yaani yale yale niliyokwenda kutibiwa. Zipo taarifa za watu walioumia ini baada ya kuitumia, na wajawazito hushauriwa kuiepuka. Ama kuhusu “vingine”, mwaka 2004 watafiti nchini Marekani walitangaza kwamba walizipima bidhaa 70 za Ayurveda zilizonunuliwa katika maduka ya eneo la Boston, na 14 kati yake zikakutwa na risasi, zebaki au aseniki. Ndani ya Ayurveda yenyewe kuna tawi, rasa shastra, linalotumia madini kwa makusudi, kwa hiyo mtaalamu anajua kuliko mimi kwa nini mteja huuliza. Na sumu ya zebaki humletea mtu hasira, woga na kukosa usingizi; naomba msomaji apime mwenyewe kama hilo ni jambo la kuchekewa mbele ya msaidizi.

Kinachonikera zaidi ni kwamba ule mpangilio wa siku umenisaidia. Unga sikuuonja, lakini saa za kulala nimezishika, kahawa ya jioni nimeiacha, na ugomvi wa adhuhuri umepungua. Hata madaktari wa magonjwa ya akili wanalitambua jambo hili: Ellen Frank na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh walibuni tiba kwa wenye ugonjwa wa baipola, yaani wa hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi, inayotilia mkazo saa thabiti za kulala, kuamka na kula. Ni kweli pia kwamba daktari wangu wa hospitali alipima damu na kuniongezea kipimo cha vidonge, kwa hiyo siwezi kuapa kama ni mafuta ya nazi au ni vidonge. Labda vyote. Nilikuwa tayari kuandika kwamba mtu anaweza kwenda kwa mtaalamu yule akasikilize ushauri, akaondoka kabla ya unga.

Kisha nikaenda kuurudisha ule mfuko, ukiwa na fundo lake lile lile. Msaidizi akakataa kunirudishia fedha, akisema unga huo umechanganywa mahususi kwa ajili ya mwili wangu na hauwezi kupewa mtu mwingine. Nikamwomba basi aniandikie kilichochanganywa. Akaniuliza, kwa upole ule ule wa bosi wake, kama siku hizi nakula pilipili.

Alama moja niliyokuwa nimewawekea kwa ajili ya ule mpangilio wa siku, nimeifuta.