Vigae au Mbao: Sakafu Ipi Ina Kazi Zaidi Kuitunza?

Kwa usafi wa kila siku, vigae ni rahisi zaidi. Vimechomwa tanurini na uso wake wa kung'aa haunyonyi maji, kwa hiyo unapiga deki kwa maji na sabuni kidogo, unasuuza, umemaliza. Mbao hazikubali hivyo. Hunyonya maji, huvimba, na zikikauka hujipinda au kupasuka. Deki yake ni kitambaa kilichokamuliwa hadi kisidondoshe hata tone, na maji yakimwagika yafutwe papo hapo.

Lakini vigae vina udhaifu wake: maungio. Yale ya saruji yana vitundu vidogo vinavyonyonya uchafu na mafuta, ndiyo maana sakafu huonekana chafu hata ikiwa imetoka kudekiwa. Yasugue kwa brashi na magadi soda yaliyokorogwa na maji kidogo. Siki na ndimu achana nazo, kwa sababu asidi hula saruji taratibu. Na tafadhali sana, usichanganye siki na dawa ya klorini: hutoa gesi ya sumu.

Mchanga hukwaruza vanishi ya mbao, hivyo fagia kwa ufagio laini kabla ya deki.

Uharibifu ukishatokea, hapo mbao halisi zinashinda. Mikwaruzo hupigwa msasa, vanishi ikapakwa upya. Kigae kilichopasuka hung'olewa, kikatafutwa kingine cha rangi ileile, na mara nyingi hakipatikani. Mimi ningeweka vigae jikoni na bafuni, mbao vyumba vya kulala.