Vigawo au kanuni?

Mlinganyo wa kipeo cha pili huandikwa ax² + bx + c = 0. Kwa 2x² − 7x + 3 = 0, vigawo ndiyo njia ya mkato. Tafuta namba mbili ambazo zao lake ni 6 (yaani 2 × 3) na jumla yake ni −7: ni −6 na −1. Andika −7x kama −6x − x, basi 2x(x − 3) − 1(x − 3) = 0, yaani (x − 3)(2x − 1) = 0; x = 3 au ½. Wengi huteleza kwenye −1: wakitoa +1 wanabaki na (−x + 3), na mabano hayafanani.

Ila x² + 3x − 5 = 0 haina namba hizo hata ukitafuta hadi kengele ilie. Kokotoa kwanza b² − 4ac: 9 + 20 = 29, si mraba kamili, kwa hiyo tumia kanuni, x = (−b ± √(b² − 4ac))/(2a): x = (−3 ± √29)/2. Anayesahau alama ya −5 hupata −11, akaandika “hakuna jibu”. Na mstari wa sehemu ufike chini ya −3 pia, si √29 peke yake.