Tambi za Singapore: foleni ninazopanga mimi

Mwezi uliopita wifi yangu alikuja kunitembelea kutoka Moshi, nikampeleka kwenye kibanda ambacho kila anayepiga video za chakula hapa Singapore lazima akitaje. Tulisimama dakika 50 kwenye joto. Bakuli dola 8. Wifi akainua tambi kwa vijiti, akanusa, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Wifi, hizi wamezichemshia magadi?"

Alikuwa amepatia kabisa. Tambi za njano za Kichina hukandwa kwa maji yenye chumvi za jamii moja na magadi yetu, yale tunayotia kwenye maharage ili yaive upesi. Ndiyo yanayoupa unga wa ngano ile rangi ya njano na kuzifanya tambi ziwe na ukakamavu mdomoni. Lakini kazi yao ikiisha lazima yatoke. Mpishi anayejua huzitumbukiza tambi kwenye maji mengi yanayotokota, anazizamisha kwenye maji baridi, kisha anazirudisha motoni kidogo. Mvivu anazichovya mara moja kwenye sufuria ambayo maji yake yamekuwa mazito kama uji tangu asubuhi, na harufu inarudi yote kwenye bakuli lako. Foleni ikiwa ndefu ndiyo hatari zaidi, maana maji hayabadilishwi.

Kwa hiyo habari za mchuzi, ukubwa wa bakuli na nyama ngapi umewekewa utazisoma kwa wengine. Mimi naangalia sufuria.

Wa kwanza kwangu, na sifichi upendeleo, ni Hill Street Tai Hwa Pork Noodle pale Crawford Lane. Ukoo huo unauza tambi tangu miaka ya 1930, na mwaka 2016 kibanda chao kilikuwa kimoja kati ya viwili vya kwanza vya aina hii kupewa nyota ya Michelin, ile tuzo ya kitabu cha kuongoza walaji, hapa Singapore. Watu wanalalamika kwamba foleni haisogei, na ni kweli, saa nzima ni jambo la kawaida. Simama umtazame mpishi utaelewa: tambi zinapikwa kidogo kidogo, hazirundikwi. Halafu kuna siki nyeusi. Siki ni asidi, na asidi huvunja nguvu ya magadi, ndiyo maana bakuli lao linanukia safi hata ukiliinamia. Agiza mee pok, zile tambi bapa, zinashika siki vizuri kuliko nyembamba. Juu yake utapata kitimoto cha vipande na cha kusaga, maini laini, na samaki mkavu aliyekaangwa hadi akawa kama kripsi. Huyo samaki usimchanganye mapema, atalowa.

Wa pili ni Sungei Road Laksa, Jalan Berseh. Hapa magadi hayana nafasi kabisa, kwa sababu tambi za laksa ni za mchele. Mchuzi wa tui la nazi unawekwa moto kwa mkaa mpaka leo, na tambi zimekatwa fupi, unakula kwa kijiko tu. Mtu wa pwani atajisikia nyumbani, hasa akikutana na kombe, jamii ya wale wanaookotwa na akina mama wa Unguja maji yakikupwa.

Ndugu zangu Waislamu, nendeni Haig Road kwa Afandi Hawa mkale mee rebus. Ni tambi za njano zilizomwagiwa rojo zito, na yai la kuchemsha pembeni. Kamulia ndimu yote, usiibakize. Inafanya kazi ileile ya siki.

Za kukaanga, Outram Park Fried Kway Teow Mee pale Hong Lim. Moto mkali na sosi ya soya nyeusi vinamaliza harufu yoyote.

Tambi za bei ya chini kabisa ziko chini ya magorofa karibu kila mtaa. Zinashibisha. Chungulia sufuria kwanza.

Sasa kuhusu bei. Sigombani na muuzaji anayepandisha dola moja kwa sababu nyama imepanda. Hawa watu wanaamka usiku wa manane, na mwaka 2020 UNESCO iliiweka kazi yao kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Ninaogombana nao ni wale wanaobandika picha za wasanii ukutani, wanapandisha dola 2, halafu wanapunguza dakika za kupika ili foleni iende haraka. Pale tulipokula na wifi, nilimwomba muuzaji kwa adabu azirudishe tambi kwenye maji yanayochemka. Akaniambia ndivyo zilivyo, na mkono wake tayari ulikuwa unapokea hela ya mtu mwingine. Ndivyo zilivyo! Mgeni akiambiwa hivyo ataamini kwamba chakula cha nchi hii kinanuka, na atarudi kwao akasimulie hivyo.

Kesho yake nilimpeleka wifi Crawford Lane, tukafika kabla hawajafungua. Hakusema neno mpaka bakuli likaisha, kisha akauliza ile siki inauzwa wapi. Tulinunua chupa mbili, moja imeshafika Moshi.