Jioni ya jazi ya kuchangia wanyamapori, Dodoma: uzoefu wangu

Kiingilio kilikuwa shilingi 50,000 kwa kiti au 400,000 kwa meza ya watu 10, kwenye bustani ya hoteli, saa 12 jioni hadi saa 5 usiku. Mapato yalitangazwa kuwa ya kazi mbili: kuwatibu na kuwarudisha porini wanyama waliojeruhiwa au waliokamatwa mikononi mwa watu, na kufundisha uhifadhi shuleni. Upande wa elimu ulizidi matarajio yangu. Muziki ulikuwa mzuri, mitambo ikauangusha, na kwenye michango ndiko nilikoona uzembe.

Anayekwenda kucheza ajue mapema kwamba nusu ya kwanza ni ya kukaa na kusikiliza: swing, blues, saksafoni mbele. Sisi tumezoea Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz na Tabora Jazz, bendi zilizopiga dansi tangu wimbo wa kwanza, kwa hiyo baadhi ya meza zilianza kunung'unika mapema. Rumba ilikuja baada ya chakula na uwanja ukajaa. Bango lingeandika ratiba hiyo, manung'uniko yasingekuwepo.

Kilichonifurahisha zaidi ni ilimba, ala ya Wagogo yenye vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, kuingizwa kati ya saksafoni na tromboni. Hili si jambo rahisi. Mizani ya Kigogo, yaani mpangilio wa noti zake, imejengwa juu ya sauti asilia zinazozaliwa na sauti moja ya msingi, na ile ya 7 katika mfuatano huo hukaa senti 31 chini ya noti ya kinanda iliyo karibu nayo, yaani karibu theluthi ya nusutoni. Tromboni huifuata kwa kuteleza, saksafoni kwa kulegeza mdomo, kinanda hakina la kufanya. Mpiga kinanda alilijua hilo: kila ilimba iliposhika wimbo alibaki na msingi na noti ya tano, ile yenye ugomvi akawaachia wenzake. Wanamuziki waliofanya mazoezi pamoja hutambulika kwa mambo kama haya.

Fundi mitambo ndiye hakuwa amehudhuria mazoezi. Mvumo wa ilimba si kasoro, umetengenezwa makusudi kwa utando wa buibui unaobandikwa kwenye tundu la sanduku na kwa vipete vya chuma. Yeye aliusikia kwenye spika, akadhani waya umeharibika, akapunguza masafa ya juu mpaka ikabaki midundo mitupu. Dawa yake ni ndogo: kipaza sauti kiwe kama sentimita 15 kutoka kwenye tundu, kimeelekezwa pembeni ya vidole gumba, na masafa ya juu yaachwe yalivyo.

Kasoro ya pili ilitokana na baridi. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na msimu wa kiangazi upepo wa usiku haubembelezi mtu. Hewa ikipoa, sauti ya vyombo vya kupuliza hushuka. Nyuzi za chuma hukaza na kupanda. Kinanda cha umeme kinabaki palepale. Bendi ilirudi kutoka mapumziko na kuanza bila kulinganisha sauti upya, na nyimbo mbili za kwanza zilikuwa chachu. Dakika tatu za kupuliza hewa ya moto ndani ya saksafoni na kulegeza besi kidogo zingetosha. Vipaza sauti navyo havikuwa na sponji, basi kila upepo ulipopiga ilikuwa kama mtu anakunja turubai.

Tuje kwenye elimu. Badala ya hotuba moja ndefu, mtaalamu alipewa vipindi vifupi kati ya nyimbo, kila kipindi mnyama mmoja. Alianza na digidigi. Mtoto wa digidigi aliyelala peke yake chini ya kichaka kwa kawaida si yatima: mama humficha hapo, huja kumnyonyesha na kuondoka. Ukimkuta ametulia, mwache uondoke, kwa sababu mama hatarudi ukiwa umesimama hapo. Kama mama ameonekana amekufa, au mtoto ana jeraha au amejaa nzi, hapo ndipo msaada unahitajika. Wengi humpa maziwa ya ng'ombe yaliyoongezwa maji. Virutubisho hushuka chini ya mahitaji yake, tumbo linaharibika, na kuharisha humkausha maji mwilini mpaka afe. Wengine humlaza chali wakimnywesha, maziwa yakaingia mapafuni. Anyweshwe akiwa amesimama au amelalia tumbo, kichwa kimeinuliwa kidogo tu, tena na mtu aliyefundishwa.

Bundi akafuata, na hapo ukumbi ulichangamka, maana bado anapigwa mawe kama ndege wa uchuro. Kinda aliyeanguka akiwa mzima arudishwe kwenye tawi la karibu. Wazazi hawamkatai kwa sababu ameshikwa na binadamu. Aliyevunjika bawa awekwe kwenye boksi la karatasi lenye matundu, kitambaa chini, nafasi ya kusimama lakini si ya kukunjua mabawa, kisha boksi liwekwe mahali pa giza na kimya. Asilazimishwe kula wala kunywa. Ndege aliyepata mshtuko akimiminiwa maji mdomoni hupaliwa.

Sehemu ya kakakuona ndiyo iliyonivutia kuliko zote. Desturi ya kumwekea maji, unga, panga na vitu vingine ili watu wasome mwaka utakavyokuwa inajulikana nchini kote, na mtaalamu hakuikejeli. Alieleza tu kinachompata mnyama: chakula chake ni sisimizi na mchwa anaowatafuta mwenyewe ardhini, hivyo hawezi kuishi kwa makombo ya nyumbani, na akijikunja kuwa tufe hajapumzika, ameogopa. Kila siku anayozuiliwa ili wageni zaidi waje kumwona inamla nguvu. Ombi lake kwa wazee waliokuwepo lilikuwa afisa wanyamapori apigiwe simu siku hiyohiyo kakakuona anapoonekana. Naona njia hii itafika mbali kuliko kuwaita watu washirikina, kama nilivyowahi kusikia kwenye majukwaa mengine.

Kobe bapa wa miambani alipita haraka mno, na ni mnyama wa ukanda wetu huu wa mawe. Gamba lake ni laini. Akitishwa hajifichi ndani yake, hukimbilia kwenye ufa wa mwamba na kujibana. Hutaga yai moja kwa mara moja, kwa hiyo kilima kilichosombwa na wafanyabiashara huchukua muda mrefu kujaa tena. Mwaka 2019 aliingizwa kwenye Kiambatisho cha I cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea walio hatarini. Nilitamani aeleze zaidi kwa nini kobe waliokamatwa hawawezi kumwagwa kwenye mwamba wowote: lazima ijulikane walikotoka, na wakaguliwe magonjwa kwanza.

Sheria ilitajwa vizuri bila vitisho. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, kufuga mnyamapori bila kibali ni kosa hata kama ulimwokota kwa huruma. Anayemwona mnyama mwenye shida apige simu TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, au kwa afisa wanyamapori wa halmashauri.

Hakukuwa na mnyama hai hata mmoja, na wapo waliolalamika kwamba wamekosa picha. Mimi naliona hilo kuwa ndilo jambo bora la usiku mzima. Bundi huwinda kwa masikio. Kumweka hatua chache kutoka kwenye drams ni kumtesa. Mnyama anayeandaliwa kurudi porini anapaswa kuendelea kumwogopa binadamu, si kuzoea kupokezwa meza hadi meza. Badala yake kulikuwa na fuvu, manyoya na magamba, na kwa kuwa hizo ni nyara za Serikali, nakala ya kibali ilikuwa mezani kila mtu aione.

Pesa sasa. Orodha ya mahitaji yenye bei ilikuwa wazo zuri: glovu ndefu za ngozi, masanduku ya kubebea, nyavu za kizimba, maziwa ya unga maalumu, mafuta ya gari. Unachagua kitu, unakilipia, unapewa risiti yenye jina la hicho kitu. Mnada nao ulikwenda safi, mshindi alilipa kabla ya kubeba mzigo. Lakini tiketi haikusema mapato yanahesabiwa kabla au baada ya kulipa bendi, mitambo na jenereta, na tofauti hapo inaweza kuwa nusu nzima. Ahadi zilipokelewa kwa kelele: jina na kiasi, bila tarehe wala namba ya simu. Aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi anajua ahadi za namna hiyo huishia wapi. Mbaya zaidi, mshereheshaji alianza kwa kutangaza namba ya mtu binafsi. Lipa Namba yenye jina la taasisi iliwekwa kwenye kadi za meza baadaye sana. Soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri, na likiwa la mtu usilipe.

Ukikata tiketi, epuka meza za mbele kulia, ziko mdomoni mwa spika. Safu ya tatu katikati ndiyo yenye sauti iliyochanganyika vizuri. Beba koti. Chakula kilikuwa kuku na mbuzi, cha kawaida, kilichelewa. Watoto walilipa nusu na kupewa karatasi za nyayo za kupaka rangi, ila kipindi cha kakakuona kiliwekwa saa 4 usiku, wakati familia nyingi zilikwishaondoka. Kisogezwe saa 1, kabla ya chakula.